Kumtambua mtu anayeunganisha makundi mawili: kwa nini kipimo kinanipa viongozi peke yao?

Mtafiti wa Kata

Salamu kwenu nyote. Ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu namna habari zinavyosafiri kati ya wakulima na wafugaji katika kata moja ya mkoa wa Morogoro, na nimekwama mahali ambapo nadhani baadhi yenu mmewahi kupita. Nilizungumza na watu wazima wapatao mia mbili, nikamwomba kila mmoja anitajie watu watano ambao huzungumza nao kuhusu malisho, maji, mazao na bei za mnadani. Kutokana na majibu hayo nilichora mtandao ambamo kila mtu ni nodi na kila uhusiano wa mazungumzo ni kiungo, kisha nikatumia NetworkX, programu ya kuchambua mitandao, kukokotoa kipimo ambacho Linton Freeman alikieleza mwaka 1977, yaani kuangalia ni kwa kiasi gani mtu huangukia kwenye njia fupi zaidi zinazowafikisha watu wengine kwa wenzao.

Nilitarajia kipimo hicho kinionyeshe wale wanaounganisha pande mbili. Kilichotoka ni orodha ambayo mwenyeji yeyote angeitaja bila kompyuta: mwenyekiti wa kijiji, laigwanani (kiongozi wa jadi wa Wamaasai) wa upande wa wafugaji, mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo, na mzee mmoja wa kanisa. Wakati huohuo yupo mama mmoja ambaye hununua maziwa kwenye maboma alfajiri na kuyauza kijijini kabla ya saa nne. Anazungumza Kimaasai na Kikaguru pamoja na Kiswahili, na katika miezi niliyokaa pale niliona zaidi ya mara moja ng'ombe walioingia shambani wakiondolewa bila ugomvi kwa sababu ujumbe ulipitia kwake. Katika orodha yangu yuko nyuma sana, chini ya watu ambao sikuwahi kuwaona wakivuka upande wa pili hata siku moja.

Je, nimechagua kipimo kisichofaa, au macho yangu yalivutwa na mtu mmoja niliyemzoea? Siulizi kwa ajili ya tasnifu pekee. Kamati ya kata imeomba matokeo ili ijue habari za tarehe za chanjo ya mifugo na njia za kupitishia ng'ombe zianzie kwa nani wakati wa kiangazi, na ningeumia sana kuwaelekeza kwa mtu ambaye habari zitaishia kwake.

Mwalimu wa Hesabu

Dada Mtafiti, pole, na hongera kwa kuyatilia shaka matokeo yako kabla ya kuyakabidhi. Kipimo cha Freeman hakijui kwamba katika kata yako kuna wakulima na wafugaji. Kinahesabu njia zote, zikiwemo zile zinazoanzia kwa mkulima na kuishia kwa mkulima mwenzake. Chukua watu 200 waliogawanyika nusu kwa nusu: wanatoa jozi 19,900, na kati ya hizo 9,900 ni jozi za watu wa upande mmoja. Kwa hiyo karibu nusu ya alama zinazogawiwa hazihusiani na kuvuka, na mwenyekiti ambaye wakulima hupitia kwake ili kufikiana atavuna nyingi hata kama hajawahi kukanyaga boma.

Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa klabu ya karate ambayo Wayne Zachary aliichunguza katika chuo kikuu kimoja cha Marekani kuanzia 1970 hadi 1972, akachapisha matokeo yake mwaka 1977. Klabu ilikuwa na wanachama 34 na viungo 78 vya urafiki ulioendelea nje ya mazoezi, nayo ikavunjika vipande viwili vya watu 17 kila kimoja baada ya mwalimu na rais wa klabu kugombana kuhusu ada ya masomo. Data zake zimo ndani ya NetworkX yenyewe, hivyo unaweza kukokotoa pamoja nami. Kumbuka tu kwamba programu huanza kuhesabu kutoka sifuri, na kwa sababu hiyo mwanachama ninayemwita wa 9 utamkuta ameandikwa 8.

Ukikokotoa kipimo cha Freeman, anayeongoza ni mwalimu, yaani mwanachama wa 1, kwa 0.438, na anayemfuata ni rais wa klabu, mwanachama wa 34, kwa 0.304. Hao ndio wagombanaji wenyewe. Mwalimu ana viungo 16, lakini ukitazama jinsi klabu ilivyogawanyika, kimoja tu kati ya hivyo kinavuka kwenda upande wa pili. Mwanachama wa 3 ana viungo 10, sita vya upande wake na vinne vya ng'ambo, na bado kipimo kinampa 0.144, kama theluthi ya alama za mwalimu. Nadhani hapo unamwona mwenyekiti wako na mama wa maziwa.

Kwa swali lako ningeanza na kipimo cha ushiriki ambacho Roger Guimerà na Luís Amaral walikitumia mwaka 2005 walipokuwa wakichunguza mitandao ya kemia ndani ya chembe hai, na ambacho kinafaa vilevile kwa mitandao ya watu. Unachukua viungo vyote vya mtu, unatafuta ni sehemu gani inakwenda kwa kila kundi, unazidisha kila sehemu kwa yenyewe, unajumlisha, kisha unatoa jumla hiyo kutoka moja. Mtu ambaye viungo vyake vyote viko kwao anapata sifuri; makundi yakiwa mawili, kiwango cha juu kabisa ni 0.5. Mwalimu wa karate anapata 0.117. Mwanachama wa 3 anapata 0.48, na wa 9 vilevile 0.48, kwa kuwa viungo vyake vitano vimegawanyika viwili kwa vitatu.

Hata hivyo kipimo hiki nacho kina upofu wake. Mwanachama wa 10 anapata 0.5 kamili, alama ya juu kabisa inayowezekana, kwa sababu tu ana marafiki wawili, mmoja kila upande. Kwa kipimo cha Freeman hafiki hata 0.001, maana marafiki hao wanafikiana kwa njia nyingine nyingi na hakuna anayemhitaji yeye. Kwa hiyo vitazame vipimo vyote viwili kwa pamoja: kimoja kinaonyesha kama viungo vya mtu vinavuka, kingine kinaonyesha kama kuna watu wanaotegemea kuvuka huko. Vilevile ndani ya NetworkX kuna `betweenness_centrality_subset`, ambayo hukuruhusu kuhesabu zile njia tu zinazoanzia kwa wafugaji na kuishia kwa wakulima. Ikokotoe hiyo kwanza, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na ulichokuwa ukikitafuta tangu mwanzo.

Jambo moja la mwisho kuhusu klabu hiyo, kwa sababu linanigusa kila mwaka ninapolifundisha. Zachary alitafuta mahali ambapo mtandao ni mwembamba zaidi, akaukata hapo, na mkato huo ukawapanga wanachama wote mahali walipokwenda kweli isipokuwa mmoja, yule wa 9. Viungo vyake vilimweka upande wa rais, lakini alikwenda na mwalimu. Sababu ni kwamba alikuwa amebakiza wiki tatu afanye mtihani wa mkanda mweusi, na kuhamia upande wa pili kungemlazimu kuanza upya. Hakuna tarakimu yoyote ndani ya matriksi, yaani jedwali la viungo, inayobeba habari hiyo. Zachary aliijua kwa sababu alikuwepo. Kwa hiyo, dada yangu, usiyapuuze macho yako.

Afisa Mstaafu

Mwanangu Mtafiti, Mwalimu amesema vyema upande wa hesabu. Mimi nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii vijijini kwa zaidi ya miaka ishirini, na nikisoma swali lako naona tatizo lilianza kabla hujawasha kompyuta. Uliomba majina matano. Mtu akiambiwa ataje watano, anaanza na ndugu, anafuata jirani, kisha rafiki wa kanisani au msikitini, na tano zimekwisha. Mama wa maziwa ni mtu wa salamu mbili tatu mlangoni kila asubuhi. Hakuna anayemhesabu kama mtu anayezungumza naye, ingawa habari ya lambo kukauka wameipata kwake. Ukiweka kikomo kifupi unapata uhusiano ule mzito na unaupoteza ule mwepesi, na uhusiano unaovuka mara nyingi ndio huo mwepesi.

Hili si wazo langu. Mark Granovetter alilieleza mwaka 1973 katika makala yake mashuhuri kuhusu nguvu ya uhusiano dhaifu. Hoja yake ni kwamba marafiki zako wa karibu wanajuana wao kwa wao na wanajua yaleyale unayoyajua, hivyo habari mpya huletwa na mtu unayemfahamu kwa mbali. Katika uchunguzi wake wa wafanyakazi wa Newton, huko Massachusetts, miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu waliyemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Hebu fikiria dodoso la majina matano lingebakiza wangapi kati ya hao waliotoa habari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halijaguswa. Hesabu inakuambia nani amesimama katikati. Haikuambii anafanya nini hapo. Sisi tuna maneno mawili kwa watu hao, na yanatofautiana kama usiku na mchana. Yupo dalali na yupo mshenga. Dalali wa ng'ombe pale mnadani anaishi kwa sababu muuzaji na mnunuzi hawafahamiani. Siku watakapopeana namba za simu, riziki yake imepungua. Mshenga kazi yake inakamilika pale familia mbili zinapokaa jamvi moja na kuzungumza bila yeye. Kwenye mchoro wako wote wawili watakuwa na umbo lilelile. Ronald Burt, aliyeandika mwaka 1992 kuhusu mapengo katika mitandao ya watu, alieleza vizuri faida anayoipata mtu anayekaa juu ya pengo. David Obstfeld, mwaka 2005, alieleza yule wa pili, anayefurahia kuwakutanisha waliotengana. Kamati yako ikikabidhi tarehe za chanjo kwa dalali wakati inahitaji mshenga, itashangaa kwa nini habari zimefika kwa wateja wake tu.

Mfano wa dalali mkubwa ni ukoo wa Medici wa Florence katika karne ya 15. John Padgett na Christopher Ansell walichora ndoa za koo kubwa za mji ule na kuchapisha kazi yao mwaka 1993. Katika mchoro unaotumiwa sana kufundishia wenye koo 15 zilizounganishwa kwa ndoa 20, Medici wana ndoa sita na Strozzi wana nne, tofauti ambayo si kubwa. Lakini kwa kipimo hichohicho cha Freeman, Medici wanapata 0.52 na Strozzi 0.10. Wale waliowaunga mkono Medici hawakuwa na uhusiano mwingi wao kwa wao. Walikutana kupitia Medici. Mwaka 1434 Cosimo de' Medici alirudi kutoka uhamishoni na kuushika mji. Sisemi hivi kumlaumu mtu wa kati. Nasema ujue unamtafuta yupi.

Ushauri wangu wa vitendo ni mwepesi. Rudi ukawaulize watu moja kwa moja: ukitaka habari iwafikie wa upande wa pili leo kabla jua halijatua, unamwambia nani? Usiwawekee kikomo cha majina. Waulize pia nani mtani wao, maana mtani husema yale ambayo jirani hathubutu kuyasema. Watafiti Abhijit Banerjee, Arun Chandrasekhar, Esther Duflo na Matthew Jackson walifanya jambo la namna hiyo katika vijiji 213 vya Karnataka, India. Walikotumia watu waliotajwa na wanakijiji wenyewe kuwa ni hodari wa kueneza habari, habari ilienea zaidi kuliko walikochagua watu kwa bahati nasibu, na zaidi kuliko walikotumia wenye heshima ya uzee na uongozi. Watu wa kawaida, ambao hawajawahi kuona mchoro wa mtandao, wanajua neno likidondoka wapi litasambaa.

Mtafiti wa Kata

Shikamoo Mzee wangu, na asante sana Mwalimu. Mmenifungua macho kwa namna mbili tofauti, na nimeitumia siku nzima ya jana kupitia madaftari yangu.

Mzee amesema kweli kuhusu kikomo. Dodoso lilikuwa na visanduku vitano, nasi tulijaza vitano. Lakini watu wengi waliendelea kutaja majina baada ya visanduku kujaa, na mimi kwa mazoea nilikuwa nikiyaandika pembeni ya daftari bila kuyaingiza kwenye kompyuta. Nimeanza kuyahesabu. Jina la mama wa maziwa linajitokeza pembeni mara nyingi kuliko jina lingine lolote, na mara nyingi linatajwa kwa maneno kama "na yule wa maziwa pia, lakini huyo ni wa kupita tu".

Nina swali moja zaidi kwa Mwalimu. Nilipoiachia programu itafute makundi yenyewe kwa njia ya Louvain, ilinipa makundi manne badala ya mawili: wakulima wa bondeni, wakulima wa mlimani, wafugaji, na kundi la nne la mchanganyiko ambalo ukilitazama ni watu wa mnadani. Mama wa maziwa yumo ndani ya kundi hilo la nne, na kipimo cha ushiriki kikikokotolewa kwa makundi hayo anapata alama ndogo kabisa. Je, nitumie makundi ya programu au yale ninayoyajua?

Mwalimu wa Hesabu

Dada, umegusa mahali ambapo makala nyingi zilizochapishwa zimeteleza. Louvain, ambayo Vincent Blondel na wenzake waliitoa mwaka 2008, hutafuta vikundi vya watu wenye viungo vingi ndani kuliko ambavyo vingetarajiwa kwa bahati. Watu wanaovuka wakiwa wengi kiasi na wakajuana, algoriti huwaona kuwa ni kundi linalojitegemea. Mara tu wanapopewa kundi lao, viungo vyao vinahesabiwa kuwa vya ndani, na wanatoweka kama waunganishaji. Hivyo alama ndogo ya mama wa maziwa haimaanishi kwamba havuki. Inamaanisha kwamba daraja la kata yenu ni pana kiasi cha kuonekana kama kijiji cha tatu, na hayo peke yake ni matokeo ambayo ningeyaandikia sura nzima.

Kwa swali la kamati, tumia makundi unayoyajua, mkulima na mfugaji, kwa sababu ugomvi unaogopwa uko kati ya hao. Kwa tasnifu, weka yote mawili na ueleze tofauti. Louvain irudie mara nyingi, kwa kuwa matokeo yake hubadilika kulingana na mpangilio wa nodi zinavyopitiwa. Mtu anayehama kundi kila unaporudia ni mtu wa kumtazama kwa makini. Afadhali zaidi utumie njia ya Leiden ambayo Vincent Traag, Ludo Waltman na Nees Jan van Eck waliichapisha mwaka 2019, baada ya kuonyesha kwamba Louvain inaweza kutoa makundi ambayo ndani yake hayajaungana vizuri. Zipo pia njia zinazokubali mtu awe katika makundi mawili kwa wakati mmoja, kama ile ya Gergely Palla na wenzake ya mwaka 2005, na kwa mtu anayezungumza lugha tatu na kulala upande mmoja huku akila upande mwingine, huo ndio ukweli wenyewe.

Jaribio jingine ambalo kamati italielewa bila kusoma hesabu ni hili: mwondoe mtu mmoja mmoja kwenye mchoro na uangalie ni jozi ngapi za mfugaji na mkulima zinarefushiwa njia, na kwa hatua ngapi. Usitarajie kwamba mtandao utakatika vipande viwili, maana katika kata iliyo hai ni nadra sana mtu mmoja akashikilia kila kitu.

Muuguzi wa Jamii

Naomba niongeze kutoka upande wa afya, kwa kuwa sisi tunawatafuta watu hawa kwa sababu nyingine: ugonjwa nao hupita kwenye madaraja hayohayo. Marcel Salathé na James Jones walionyesha mwaka 2010 kwamba katika mitandao yenye makundi yaliyojitenga, kuwachanja watu wanaounganisha makundi huzuia maambukizi vizuri zaidi kuliko kuwachanja tu wenye marafiki wengi. Walipendekeza pia njia ya kuwapata bila kuujua mtandao mzima: unaanza kwa mtu yeyote, unahamia kwa mmoja wa watu anaowafahamu, kisha kwa mwingine, hadi unapofika kwa mtu ambaye wenzake wengine hawana uhusiano na wale uliokwisha kuwapitia. Hapo huenda umefika ukingoni mwa kundi. Njia hiyo itakufaa, dada, ikiwa bajeti haikuruhusu kurudia mahojiano yote.

Lakini kilichonisukuma kuandika si hicho. Ninaomba kwa moyo wote usiikabidhi kamati orodha ya majina. Mahali ambapo watu wamewahi kugombania malisho, mtu anayeingia kwenye nyumba za pande zote mbili anavumiliwa kwa sababu anaonekana ni muuza maziwa tu. Siku karatasi yenye muhuri itakapomtaja kuwa ndiye njia ya habari, upande mmoja utaanza kujiuliza anapeleka habari gani kwa wengine. Niliwahi kushuhudia mhudumu wa kujitolea, mwanamke aliyependwa na vitongoji viwili vilivyokuwa havielewani, akitajwa hadharani kwenye mkutano kama kiungo chetu muhimu. Waliomtaja walikuwa na nia njema kabisa. Baada ya muda mfupi nyumba kadhaa ziliacha kumfungulia mlango, na sisi tukapoteza njia ambayo ilituchukua miaka kuijenga, naye akapoteza majirani.

Wala usidhani kwamba kuondoa majina kunatosha. Katika mchoro wa watu mia mbili, nodi moja yenye viungo pande zote mbili inajitambulisha yenyewe kwa umbo lake; mtendaji wa kijiji ataitazama na kusema, "Huyu ni fulani." Kamati ipewe maelezo ya mahali na nyakati, kwamba habari zinavuka vizuri alfajiri kwenye maziwa na siku ya mnada, na itume ujumbe wake huko. Na huyo mama aulizwe kwanza. Kubeba ujumbe wa watu wawili wanaotaka kupigana ni kazi nzito, hailipwi, na anayo haki ya kuikataa.

Mtafiti wa Kata

Asanteni nyote. Dada Muuguzi, maneno yako yamenikosesha usingizi kwa namna ninayoishukuru, kwa sababu rasimu ya ripoti ya kamati ilikuwa na mchoro wenye majina, na nilikuwa nimepanga kuituma wiki hii. Nimeuondoa. Mahali pake nimeandika ukurasa mmoja kuhusu saa, mahali na lugha, pamoja na pendekezo kwamba matangazo ya chanjo yatolewe kwa Kimaasai na Kiswahili siku moja kabla ya mnada na pia siku yenyewe.

Mwalimu, nimekokotoa tena kwa kuhesabu njia za kutoka kwa wafugaji kwenda kwa wakulima pekee, kwanza kwa data za visanduku vitano. Mwenyekiti ameshuka na mwenye duka la dawa amepanda, jambo ambalo sikulitarajia, lakini nikifikiri naona ni sawa, kwani mfugaji mwenye ndama mgonjwa hana budi kuingia dukani kwake. Mama wa maziwa amepanda kidogo tu. Nilipoongeza majina ya pembeni ya daftari, amefika miongoni mwa watano wa juu, pamoja na kijana mmoja wa bodaboda ambaye sikuwa nimemfikiria kabisa. Siwezi kuyategemea matokeo hayo kikamilifu, kwa kuwa majina ya pembeni hayakukusanywa kwa utaratibu mmoja kwa watu wote. Wale niliowahoji jioni nikiwa nimechoka wana majina machache kuliko wa asubuhi. Kwa hiyo nitarudi kabla ya masika kuuliza lile swali la Mzee, bila kikomo, kwa kila kaya niliyoitembelea.

Mzee wangu, kuhusu dalali na mshenga, nimeandika maswali mawili ya kuongeza kwenye dodoso: ni nani aliyewahi kukukutanisha na mtu wa upande wa pili mpaka mkazungumza wenyewe, na je, bado mnazungumza bila yeye. Ukiona yanahitaji kunyooshwa naomba unirekebishe kabla sijasafiri. Jambo la kwanza nitakalofanya nikifika, kabla ya dodoso lolote, ni kuamka alfajiri na kufuatana na mama wa maziwa hadi maboma, nimweleze nilichokuwa nikikiandika kumhusu, na nimsikilize yeye anataka nini.